440 SIYO 440: JINSI YA KUSOMA NAMBA ZA MALORI MAKUBWA KABLA HUJATOA HELA



Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemfahamu alinipigia simu akiwa yadi, anaongea haraka haraka kama mtu anayefukuzwa. "Kaka, nimepata kichwa kizuri, 440, dalali anasema Kitonga kinapanda kama hakina tela. Wateja ni wengi, anataka advansi leo leo." Nikamuuliza, pale ubavuni mwa kebini imeandikwaje, nisomee herufi kwa herufi. Akasoma: AT440S35T/P.

Nikamwambia hela irudishe mfukoni, tafuta kivuli ukae tuongee. Hiyo 440 siyo nguvu ya injini. Ni uzito. Nguvu iko kwenye ile 35 ambayo dalali hakuitamka kabisa, nayo maana yake ni farasi 350 hivi. Yeye alikuwa ameshapiga hesabu ya mkopo, mafuta na tripu akidhani ana farasi 440.

Baada ya hapo nimeona si vibaya nikaliandika hili somo lote mahali pamoja, maana kila mwezi kuna mtu ananiuliza. Wengi tunazisoma namba za malori kana kwamba viwanda vyote vilikaa kikao kimoja vikakubaliana. Havikukubaliana. Kuna kiwanda kinaandika farasi, kingine tani, kingine lita za injini, na kingine kinaandika jina tu. Ukijua kila kiwanda kinaongea lugha gani, dalali hawezi kukuuzia maneno.

(Nikisema "farasi" hapa nina maana ya nguvu za farasi, kama tunavyosema mtaani. Na "kichwa" ni lile gari la mbele linalovuta tela la semi.)

KWANZA: 4x2, 6x2, 6x4 NI NINI?

Hii ndiyo namba muhimu kuliko zote na ndiyo watu wanaipuuza. Namba ya kwanza ni idadi ya ncha za ekseli zenye magurudumu. Tairi mbili zilizobanana upande mmoja zinahesabiwa moja. Namba ya pili ni ngapi kati ya hizo zinasukumwa na injini.

- 4x2: ekseli mbili, inayosukuma ni moja. Tairi sita.
- 6x2: ekseli tatu, inayosukuma ni moja tu. Mtaani ni single difu.
- 6x4: ekseli tatu, zinazosukuma ni mbili. Hii ndiyo dabo difu, tairi kumi.
- 8x4: ekseli nne, zinazosukuma mbili. Nyingi ni tipa na mikseta za zege.

Ukiona namba ya tatu, mfano 6x2/4, hiyo 4 inakwambia magurudumu yanayokata kona ni manne: mawili ya mbele kabisa na mawili ya ile ekseli ya ziada.

Sasa ngoja niwape kisa changu mwenyewe ili mjue siongei kwa kusikia. Mwaka 2009 mimi na shemeji yangu tulinunua kichwa kilichotoka Ulaya, cha ekseli tatu. Tulikiona kwa nje tukasema hii dabo difu, maana kina ekseli mbili nyuma. Tukakifunga tela la tipa, tukakipeleka kubeba kokoto Lugoba. Kwenye lami kilikuwa mswano. Mvua ya kwanza ilipogusa ile njia ya machimboni, kikakwama na mzigo, gurudumu moja upande mmoja linazunguka tu kwenye tope. Tukavutwa na greda. Siku ya pili hivyo hivyo. Fundi akaingia chini akatoka anacheka: "Bosi, hii difu ni moja. Ekseli ya katikati ni ya kubebea mzigo tu." Tukaenda kuangalia karatasi zilizokuja na gari: 6x2, imeandikwa waziwazi, ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Tulikiuza kwa hasara kabla ya mwaka kuisha. Hatukudanganywa na mtu, tulijidanganya kwa kutosoma.

Haimaanishi 6x2 ni mbaya. Kwenye lami tupu ni nyepesi na inakula mafuta kidogo, ndiyo maana Ulaya wanaipenda. Ubaya ni kuinunua ukidhani ni kitu kingine.

PILI: KIWANDA KWA KIWANDA

1. MERCEDES-BENZ

Hawa ni rahisi: uzito kwanza, nguvu baadaye. Actros 1840 ni tani 18, farasi 400 hivi. Actros 2640 ni tani 26, farasi 400. Actros 3340 ni tani 33, farasi 400. Tarakimu mbili za mwisho unazidisha kwa kumi. Nimesema "hivi" kwa sababu wanakadiria: injini ya 1840 ya Actros za kwanza ni farasi 394, na ya 1843 ni 428.

Mtindo huu ni wa zamani. Ile Benzi ya pua 1113 wazee waliyoitumia enzi hizo ni tani 11, farasi 130. Ile 911 ni tani 9, farasi 110.

Uzito unaotajwa ni wa gari lenyewe na mzigo unaokaa juu yake, siyo pamoja na tela zima. Kichwa cha 1840 hakivuti tani 18, kinavuta zaidi ya hapo.

Herufi za mwisho ni za Kijerumani. S ni kichwa cha kuvuta semi. K ni tipa. L ni springi za upepo nyuma, kwa hiyo LS ni kichwa chenye upepo nyuma. A ni gari linalosukuma magurudumu yote, pamoja na ya mbele. Ukiona 3340 S peke yake bila L, tegemea springi za vyuma, na kwa barabara zetu mbovu wengi wanazitafuta hizo hizo.

Angalizo: 26 haikwambii kama ni single difu au dabo difu. Ipo 2640 ya 6x2 na ipo ya 6x4. Lazima uchungulie chini.

2. MAN

Na hawa ni Wajerumani, uzito kwanza, wanaweka nukta kisha nguvu kamili. TGA 18.410 ni tani 18, farasi 410. TGA 26.430 ni tani 26, farasi 430. TGS 33.480 ni tani 33, farasi 480. TGA ilianza mwaka 2000, TGX na TGS zikafuata 2007. TGX imelenga safari ndefu za lami, TGS kazi mchanganyiko na ngumu.

Mtego uko kwenye MAN za zamani kabla ya TGA. Mtu anaona 26.403 anasema farasi 403. Hapana. Ni farasi 400, na ile 3 ya mwisho ni kizazi cha gari. Zile za F90 ziliishia na 2, kama 19.372 na 19.422. Zile za F2000 ziliishia na 3, kama 19.403. F2000 zilizoboreshwa ziliishia na 4, kama 19.414, ambayo ni farasi 410. Kwa hiyo ukisoma namba ya mwisho unajua na umri wake kwa makadirio.

Herufi: BLS maana yake vyuma mbele, upepo nyuma, kichwa cha semi. LLS ni upepo mbele na nyuma. BBS ni vyuma kotekote.

3. SCANIA

Scania ndiyo inayobishaniwa zaidi vijiweni kwa sababu ilibadilisha mtindo katikati ya safari.

Mtindo wa zamani: lita za injini kwanza, kisha tarakimu ya mwisho ni kizazi. Scania 111 ni lita 11, kizazi cha 1. Scania 112 ni lita 11, kizazi cha 2. Scania 113 ni lita 11, kizazi cha 3, nayo 143 ni lita 14 ya kizazi hicho hicho. Scania 124 ni lita 12 kizazi cha 4, 144 ni lita 14, na 164 ni lita 16. Kwa hiyo anayesema "124 ina nguvu kuliko 113 kwa sababu namba ni kubwa" anachanganya mambo. Namba hizo hazitaji farasi kabisa. Kwenye kizazi cha 4 farasi zimeandikwa upande wa pili wa uso wa gari: kushoto 124L, kulia 420 au 360. Mbili zote ni 124, lakini zimepishana farasi 60.

Ile L ya 124L ni safari ndefu. D ni usambazaji wa mijini, C ni ujenzi. Kwenye 113H na 113M, H ni chesisi nzito na M ni ya wastani.

Mtindo mpya ulianza 2004: wakaacha lita, wakaandika kebini na farasi. R 420 ni kebini ya R, farasi 420. P ni kebini ya chini, G ya kati (ilikuja 2007), R ya juu, na S yenye sakafu bapa ilikuja 2016.

Ubaya wa mtindo mpya ni kwamba lita zimejificha. R 500 ya mwaka 2004 ni V8 ya lita 16. R 500 ya kizazi kilichoanza 2016 inakuja na injini ya silinda sita ya lita 13. Farasi sawa, injini tofauti kabisa, vipuri tofauti, bei ya ovahoo tofauti. Soma kibati cha injini: DC12 ni lita 12, DC13 ni lita 13, DC16 ni lita 16.

Kwenye karatasi utakuta mstari mrefu kama LA4x2MNA. Usiogope. L safari ndefu, A kichwa cha semi (B ingekuwa gari la bodi), 4x2 mnaijua, M chesisi ya wastani (H nzito, E nzito zaidi), N kimo cha kawaida, na A ya mwisho ni vyuma mbele na upepo nyuma. Ikiishia na B ni upepo kote, ikiishia na Z ni vyuma kote. Ukikuta CB6x4EHZ, hilo ni gari la ujenzi, dabo difu, chesisi nzito kabisa, limeinuka juu, vyuma kotekote. Mnyama wa machimboni huyo.

4. VOLVO

Herufi, lita, halafu farasi. FH12 420 ni lita 12, farasi 420. FH16 siyo tani 16 wala siyo toleo la 16, ni lita 16. F ni kebini iliyokaa juu ya injini, H ni ya juu, M ya wastani, L ya chini. Zile NL ni za pua.

FH12 ilitoka 1993. Mwaka 2005 injini ya lita 13 ikachukua nafasi yake, ndipo tukaanza kuona FH13 440 na 480. Baadaye ile 13 ikaondolewa kwenye nembo, ikabaki FH na farasi tu. Kwa hiyo FH 460 isiyotaja lita siyo FH12, hata kama nayo FH12 ya farasi 460 ilikuwepo. Uliza mwaka, soma injini: D12 au D13.

5. DAF

Jina la familia, nukta, farasi. XF95.430 ni familia ya 95, farasi 430. XF105.460 ni familia ya 105, farasi 460. Hiyo 95 na 105 siyo tani wala lita, ni jina tu.

Kizuri cha DAF ni kwamba injini yenyewe inakutajia nguvu kwa kilowati. Injini ya XF95.430 ni XE315, na ya XF105.460 ni MX340. Kilowati 1 ni farasi 1.36. Chukua 315 zidisha kwa 1.36 unapata 428. Chukua 340 unapata 462. Ukikuta mlangoni imebandikwa 480 lakini injini inasema XE315, umeshajua kuna mtu alinunua stika. Ya 480 inatakiwa iwe XE355.

Herufi za chesisi: FT ni kichwa cha 4x2. FTT ni kichwa dabo difu, 6x4. FTG ni 6x2, ekseli ya katikati inakata kona. FTS pia ni 6x2. FA na zinazoanzia hapo (FAS, FAT, FAD) ni magari ya bodi.

6. IVECO

Hapa ndipo kijana wetu aliponusurika. Stralis AS440S43: AS ni kebini kubwa ya kulala (AT na AD ni ndogo zaidi), 440 ni tani 44.0 za gari na tela kwa pamoja, S ni Stralis, 43 ni farasi 430 hivi. T ni kichwa, P ni springi za upepo. Ukikuta 260S ni tani 26.0 na 190S ni tani 19.0. Trakker AD380T38 ni tani 38.0, T ya Trakker, farasi 380. Hiyo nayo imewachanganya wengi kwa sababu 380 na 38 zinafanana, lakini ya kwanza ni uzito na ya pili ni nguvu.

7. RENAULT

Hawa Wafaransa wameamua kwenda kinyume na Wajerumani: nguvu kwanza, uzito baadaye. Magnum 440.19T ni farasi 440, tani 19, kichwa. Midlum 220.12 ni farasi 220, tani 12. Kwenye mlango mara nyingi utaona namba moja tu, Magnum 440 au Premium 420, na hapo ni farasi kweli. Hata T, C na K za kuanzia 2013 wanaandika farasi.

Kwa hiyo angalieni wadau: Magnum 440 ni farasi 440. MAN 18.440 ni farasi 440. Volvo FH 440 ni farasi 440. Stralis 440 ni tani 44. Dalali akisema "440" bila kutaja kiwanda, hajakwambia kitu.

8. MALORI YA KICHINA

Howo 371 ni farasi 371, 336 ni farasi 336. Hapo hakuna fumbo. Fumbo liko kwenye namba ndefu ya kwenye kibati, mfano ZZ4257 ikifuatiwa na herufi na namba nyingine. Herufi mbili za mwanzo ni kiwanda: ZZ ni Sinotruk, CA ni FAW, SX ni Shacman. Tarakimu ya kwanza ni aina ya gari: 1 la mizigo la bodi, 3 tipa, 4 kichwa cha semi. Tarakimu mbili zinazofuata ni tani. Kwa hiyo ZZ4257 ni kichwa cha tani 25, na ZZ3257 ni tipa ya tani 25. Mtu akikuuzia kichwa lakini kibati kinaanza na 3, ujue lilizaliwa tipa likakatwa. Uliza nani alikata na alichomelea wapi.

9. MALORI YA MAREKANI

Haya kwetu yapo machache, ila wapo wadau wengi wanaoendesha huko. Freightliner FLD120 au CL120: hiyo 120 ni inchi, urefu kutoka bampa ya mbele mpaka nyuma ya kebini. Si farasi, si tani. Peterbilt 379 au Kenworth W900 ni majina ya modeli tu. Hata ile injini ya Detroit Series 60, 60 ni jina la familia. Kwa magari haya farasi unazikuta kwenye kibati cha injini, kwa sababu mteja wa Marekani anachagua injini mwenyewe na kebini moja inaweza kuwa na injini za aina tofauti.

TATU: NAMBA HIZI NA MIZANI

Watu wananiuliza, nikijua ni tani 18 au 26 inanisaidia nini? Inakusaidia kujua utalipwa tani ngapi.

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, ekseli ya usukani ya tairi mbili mwisho tani 8. Ekseli moja ya tairi nne mwisho tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana, kila moja tairi nne, mwisho tani 18. Tatu zilizofuatana za tairi nne nne, tani 24. Gari zima halivuki tani 56.

Piga hesabu. Kichwa cha 4x2 na tela la ekseli tatu: 8 + 10 + 24 = tani 42. Kichwa cha 6x4 na tela lile lile: 8 + 18 + 24 = tani 50. Tofauti ni tani 8 kwa tripu. Hata ukitoa uzito wa ziada wa ile ekseli, tani zinazobaki ni hela, kila safari ya Tunduma au Kasumbalesa. Kwa hiyo 18.410 na 26.410 za mwaka mmoja na farasi sawa siyo biashara moja.

Na kumbuka ile tani 18 ni ya ekseli za tairi nne nne. Vichwa vingi vya 6x2 vya Ulaya vina ekseli ya katikati yenye tairi moja moja, tena ndogo. Hapo usipige hesabu ya 50 ukadhani mizani ya Vigwaza watakuonea huruma.

Kinyume chake nacho ni kweli. Actros 3340 kiwanda kinasema tani 33, lakini sheria ya barabara kwa gari la ekseli tatu ni 8 + 18 = tani 26. Zile 7 za juu huwezi kuzitumia kwenye lami. Unachonunua pale ni ekseli na chesisi ngumu, zitakazovumilia mashimo. Hicho ni kitu cha maana, lakini usimwambie mkopeshaji utabeba tani 33.

Nguvu nayo ihesabu kwa tani. Kijana wetu na 4x2 yake ya tani 42: akiwa na farasi 350, kila tani inavutwa na farasi 8 na kidogo. Angekuwa na 440 kweli, ingekuwa 10 na nusu. Kwenye tambarare ya Chalinze hutaona sana tofauti. Kitonga na Sekenke utaiona, na dereva wako ataisikia kwenye kila gia.

NNE: USIAMINI STIKA

Namba za mlangoni zinang'oka, zinabandikwa, na madukani zinauzwa. Kebini nazo zinabadilishwa baada ya ajali. Kabla hujatoa hela fanya haya:

1. Soma kibati cha kiwanda kwenye fremu ya mlango au ndani ya kebini. Malori ya Ulaya yanaonyesha namba ya chesisi, uzito wa gari, uzito wa gari na tela, kisha uzito wa kila ekseli. Mistari miwili ya ekseli, gari ni la ekseli mbili, hakuna ubishi.

2. Linganisha na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, na ile ya kwenye kadi ya gari. Ni tarakimu na herufi 17, na humo hakuna herufi I, O wala Q. Ukiona O, ama ni sifuri au kuna mtu amecheza. Herufi tatu za mwanzo ni kiwanda: WDB Mercedes, WMA MAN, YS2 Scania ya Sweden, XLE Scania ya Uholanzi, YV2 Volvo, XLR DAF, WJM Iveco, VF6 Renault.

3. Soma kibati cha injini, usisome kifuniko. Kama nguvu imeandikwa kwa kilowati zidisha 1.36. Mfano kilowati 309 ni farasi 420.

4. Ingia chini, chafuka. Dabo difu ina shafti fupi inayotoka difu ya kwanza kwenda ya pili. Hakuna shafti fupi, hakuna dabo difu, hata kama mlangoni imeandikwa 6x4 kwa dhahabu.

5. Angalia springi hapo hapo. Mabaluni au vyuma? Linganisha na herufi.

Dakika ishirini zinatosha. Kama muuzaji hataki uingie chini ya gari, ameshakujibu.

Kuna mambo namba haziwezi kukwambia: gari limetembea kilomita ngapi, oili ilibadilishwa lini, lilipinduka au halikupinduka. Hayo ni ya fundi unayemwamini. Namba zinakwambia gari lilizaliwa likiwa nini, basi.

Yule kijana alirudi kwa dalali, akamuonyesha ile 35 na kumuuliza ni nini. Dalali akasema "hiyo ni namba ya kebini". Kijana akaondoka. Bado anatafuta, na safari hii ananitumia picha ya kibati kabla ya picha ya gari.

Kama nimekosea mahali au kuna gari nimelisahau, mafundi na madereva mliopo humu nirekebisheni hapo chini, tujifunze wote.

Nawasilisha.